Ramani Iliyoganda Ukutani

*Zana za mtandaoni za kuwasilishia masomo zimekuwa nyingi. Mwandishi wetu amezipima kwa kipimo cha darasa lenye wanafunzi wengi, projekta moja na mtandao usioaminika.*

Na Mwandishi Maalumu

Ilipata saa nne na robo za asubuhi, katika darasa la kidato cha pili la shule moja ya sekondari mjini Tanga, na mwalimu wa jiografia alikuwa amekwisha kuyatimiza yote yaliyokuwamo katika uwezo wake: projekta ameiazima ofisini kwa mkuu wa shule tangu jana yake, madirisha mawili yanayoelekea jua ameyatundikia khanga alizokuja nazo kutoka nyumbani, na kompyuta mpakato ameiweka juu ya dawati la mbele, ikipata mtandao kutoka katika simu yake mwenyewe kwa bando alilolinunua kwa fedha zake mwenyewe.

Somo lilikuwa la pepo za kaskazi na kusi, na sidhani kama liko somo linaloyafaa madarasa ya pwani kuliko hilo, maana mlangoni pa darasa lile mtu akisimama huupata upepo wenyewe usoni kabla hajaambiwa jina lake. Slaidi ya kwanza ilifunguka vyema. Ya pili, iliyobeba ramani ya Bahari ya Hindi tokea Maskati hata Kilwa, ilifunguka nusu: Bara Arabu likaonekana pamoja na Pembe ya Afrika, pwani yetu isionekane, na katikati ya ukuta kikabaki kile kiduara kidogo kinachozunguka pasi na kufika.

“Mwalimu, imeganda,” alisema kijana mmoja wa dawati la nyuma.

Mwalimu akaisogeza simu dirishani, akaizima data akaiwasha tena, akaufunga ukurasa akaufungua upya. Na kila alilolifanya lilikula dakika katika kipindi chenye dakika 40 tu. Ilipotimia dakika ya saba aliiacha kompyuta, akachukua chaki, na juu ya ubao uliokuwa pembeni akaichora pwani yote kwa mkono, mstari mmoja usiokatika tokea Pembe ya Afrika hadi mdomo wa mto Ruvuma. Mishale ya kaskazi akaishusha kusini, mishale ya kusi akaipandisha, akauliza jahazi lililotoka Ghuba mwezi wa Desemba litarejea kwao lini na kwa nini. Na hapo ndipo mikono ya wanafunzi ilipoanza kuinuka.

Mhariri alinituma huko nikalinganishe zana za mtandaoni ambazo walimu wanazitumia kuwasilishia masomo, nami nilikwenda nikidhani kazi yangu ni kuandika ipi ina mapambo mengi na ipi ni ya bure. Darasa lile likanibadilishia swali. Tangu siku hiyo kila zana niliyoitazama nimeiuliza mambo mawili: mtandao ukikatika itabaki na nini, na katika dakika zile 40 mtoto atapata nafasi gani ya kuligusa somo kwa mkono wake.

Kutoka manila hadi wingu

Kabla ya hayo yote zana ya mwalimu wetu ilikuwa ubao, chaki na karatasi ya manila, iliyochorwa usiku kwa kalamu ya wino mzito, ikaviringishwa, ikabebwa kwapani hadi darasani, na ikiisha kazi ikahifadhiwa nyuma ya kabati kwa ajili ya mwaka ujao. Wako walimu wenye manila za miaka mingi, zilizofubaa rangi na kuchakaa kingo, ambazo mpaka leo zinasomesha.

Mwaka 1987 kampuni ndogo ya California iitwayo Forethought ilitoa programu ya kompyuta za Macintosh iliyobuniwa na Robert Gaskins pamoja na wenzake, miongoni mwao Dennis Austin, na mwaka uo huo Microsoft ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Hiyo ndiyo PowerPoint. Yafaa ikumbukwe kwamba iliundwa kwa ajili ya watu wa biashara, waliozoea kuwaonyesha wakubwa wao karatasi angavu zilizomulikwa ukutani. Mtoto wa shule hakuwamo katika hesabu.

Ndugu zake wa mtandaoni walifuata baada ya miaka ishirini. Google ilitoa zana yake, ambayo leo yaitwa Google Slides, mwaka 2007. Prezi ikatoka Budapest, nchini Hungaria, mwaka 2009. Canva ikafunguliwa Australia mwaka 2013. Katika hao watatu ni Canva peke yake iliyo na nasaba ya shuleni, kwani mwasisi wake, Melanie Perkins, alianza na Cliff Obrecht kwa kazi ya kuwawezesha wanafunzi kutengeneza vitabu vyao vya kumbukumbu vya mwisho wa mwaka.

Kwetu mlango ulifunguka Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa kwa njia ya chini ya bahari. Tangu hapo mwalimu wa Tanga au wa Malindi akaweza, angalau kwa siku ambazo mtandao umemkubalia, kufungua zana zile zile zinazofunguliwa na mwalimu wa Stockholm.

Hoja za pande mbili

Wanaozitetea zana hizi hawakosi hoja, na hoja yao ya kwanza ni ya haki. Shule isiyo na maabara wala hadubini huweza, kwa projekta moja, kuwaonyesha watoto wake moyo ukipiga na vali zake zikifunguka na kufunga, na mwalimu akakirudia kipande kilekile mara tatu kwa ajili ya yule asiyefahamu mara ya kwanza. Mtoto aliyelala hospitali huweza kuletewa somo lote katika simu ya mzazi wake. Mwaka 2020, shule zilipofungwa tangu mwezi Machi kwa sababu ya korona, Tanzania ikazifungua zote tarehe 29 Juni na Kenya ikawaweka wanafunzi walio wengi nyumbani hadi Januari 2021, mwalimu aliyekuwa na masomo yake katika slaidi alikuwa na kitu cha kutuma, na asiyekuwa nayo alipiga picha daftari lake kwa simu.

Wanaozitilia shaka nao wana ushahidi mzito, na ulio mzito kuliko wote haukutoka darasani. Chombo cha anga za juu Columbia kilipokuwa bado kinazunguka dunia, Januari 2003, wahandisi wa Boeing waliwaeleza wakubwa wa NASA kwa slaidi juu ya kipande cha povu kilichoupiga ubawa wake wakati wa kuruka. Kichwa cha slaidi mojawapo kilileta matumaini. Na jambo lililokuwa kubwa kuliko yote, kwamba kipande kile kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920 ilhali vilivyowahi kufanyiwa majaribio vilikuwa na inchi 3, likawekwa chini kabisa, katika mstari wa mwisho, bila ya mtu kuambiwa kwamba tofauti hiyo ni mara 640. Tarehe 1 Februari chombo kikavunjika kikirejea ardhini, na watu saba waliokuwamo wakafariki. Edward Tufte, profesa wa Yale, aliichambua slaidi hiyo mstari kwa mstari, na tume iliyoichunguza ajali ikautaja uchambuzi wake katika ripoti yake ya mwaka huo.

> Jambo lililokuwa kubwa kuliko yote liliwekwa chini kabisa, katika mstari wa mwisho.

Darasani hapana ubawa unaoungua, walakini ugonjwa ni ule ule: ukurasa wenye vidokezo vingi huyafanya mambo yote yaonekane sawa kwa uzito, kubwa na dogo, sababu na tokeo, na mtoto hawezi kujua lipi ni nguzo na lipi ni fito. Nimekaa nyuma ya darasa la historia nikaona slaidi zaidi ya thelathini zikipita katika kipindi kimoja, na wanafunzi, kwa hofu ya kuachwa, wakiandika mbio neno kwa neno kila kilicho ukutani, vichwa vimeinama, kalamu hazitulii, hata mwalimu alipouliza swali la maana sana hakuwapo hata mmoja aliyelisikia.

Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, aliyetumia umri wake kuchunguza namna watu wanavyojifunza kwa maneno na picha, ameonyesha kuwa mtu huelewa vyema zaidi akisikia maelezo huku akitazama picha, kuliko akisikia maelezo, akitazama picha, na papo hapo akisomeshwa maneno yale yale kwenye skrini. Picha na maandishi hugombea mlango mmoja, nao ni jicho. Kwa hiyo mwalimu anayesimama mbele ya slaidi iliyojaa maandishi akaisoma kwa sauti, ajapokuwa na nia njema, anawazuilia wanafunzi wake njia.

Zilivyo, moja baada ya moja

PowerPoint ina sifa moja inayozidi sifa nyingine zote katika mazingira yetu, nayo ni kwamba faili lake likishakuwamo ndani ya kompyuta halimwombi mtu mtandao. Toleo lake la mtandaoni ni la bure kwa mwenye akaunti, pamoja na gigabaiti 5 za kuhifadhia. Toleo kamili la kompyuta hulipiwa. Asiyekuwa na fedha hiyo anayo LibreOffice Impress, ambayo ni ya bure kabisa, tangu mwaka 2010 inatunzwa na jumuiya ya watu wa kujitolea, na hufungua mafaili ya PowerPoint bila taabu kubwa, ila aina za herufi zikitofautiana mistari husogea, basi ni vyema mtu aikague kazi yake kabla ya kuingia darasani.

Google Slides ni zana ya kufanyia kazi pamoja, na hapo sijamwona mpinzani wake. Hadi watu 100 waweza kuhariri wasilisho moja kwa wakati mmoja, na historia ya mabadiliko humwonyesha mwalimu nani aliandika nini na saa ngapi, jambo linaloondoa ule udhia wa kale wa kazi ya kikundi kufanywa na mmoja na kusainiwa na watano. Katika chumba cha kompyuta cha shule moja niliwaona vijana wakigawana nchi za Afrika Mashariki, kila mmoja slaidi yake, na mara binti aliyepewa Burundi akanyoosha kidole kwenye skrini ya jirani yake kumwambia kuwa Ziwa Tanganyika amelitia mahali pasipo pake. Mjadala uliofuata, wa mto gani unatoka na upi unaingia, hakuupanga mtu, na mwalimu aliuacha uendelee.

Lakini zana hiyo ina mtego ambao ndio uliomnasa mwalimu wangu wa Tanga. Kuitumia bila mtandao kwawezekana, ila ruhusa hiyo huwekwa mapema katika kivinjari, mtandao ukiwapo. Anayekumbuka baada ya kiduara kuanza kuzunguka amekwisha kuchelewa.

Canva humpa mwalimu uzuri bila kumtaka awe mchoraji. Akaunti yake ya elimu hutolewa bure kwa walimu wa msingi na sekondari, baada ya kuthibitisha kuwa ni walimu kweli, na violezo vyake ni maelfu. Nayo yahitaji mtandao wa kutosha wakati wa kutengeneza, kwa kuwa kila picha inatoka mbali. Shaka yangu juu yake ni ya namna nyingine: nimewaona wanafunzi waliotumia kipindi kizima wakichagua rangi ya ua la pembeni, na habari ya mmomonyoko wa udongo ikabaki sentensi mbili. Mwalimu afaaye huwaandikisha kwanza daftarini, ndipo awaruhusu kupamba.

Prezi haina kurasa. Ina uwanja mmoja mpana ambao mtu huukaribia na kujitenga nao, na kwa somo la ramani ni ajabu ya kutazama: unaanza na dunia nzima, ukaishukia bahari, ukaishukia bandari, ukafika kwenye jahazi moja na tanga lake. Kwa somo lisilokuwa na umbile la mahali, mathalani ngeli za Kiswahili, mwendo huo wa kupaa na kushuka hauna maana, na wako wanaopata kizunguzungu. Kadhalika akaunti yake ya bure kwa muda mrefu iliziweka kazi za watu hadharani, na programu ya kuitumia bila mtandao ni ya wanaolipa. Kwa shule zetu nyingi hayo mawili yanatosha kuiweka pembeni.

Liko kundi jingine, la zana zinazomtaka kila mwanafunzi ajibu kwa kifaa chake: Kahoot ya Norway, iliyochipuka katika chuo kikuu cha Trondheim, Mentimeter ya Sweden, Nearpod na Pear Deck za Marekani. Mwalimu huonyesha swali ukutani, watoto hujibu kwa simu au kishikwambi, na matokeo huonekana papo hapo. Ni zana njema. Walakini katika shule nyingi za Tanzania na Kenya mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, na chumba cha kompyuta chenye mashine ishirini hakiwezi kulipokea darasa la watu sitini.

Kadi arubaini za karatasi

Kwa sababu hiyo nimeipenda zaidi zana moja ambayo haisemwi sana, iitwayo Plickers, na nitaieleza kwa urefu.

Mwalimu huchapisha kadi za karatasi, 40 katika fungu la kawaida na 63 katika fungu kubwa, kila moja na umbo lake jeusi la pembe pembe lisilofanana na la mwenzake, mfano wa mapambo ya mkeka. Kila mwanafunzi hupewa kadi yenye namba yake. Umbo lina pande nne, na kila upande una herufi ndogo sana ya A, B, C au D. Mtoto akitaka kujibu B huishika kadi herufi B ikiwa juu. Herufi hizo ni ndogo hata jirani hawezi kuzisoma, na kwa kuwa maumbo yanatofautiana, kumtazama mwenzako alivyoishika kadi yake hakukusaidii lolote.

Kisha mwalimu huinua simu yake, akaipitisha polepole mbele ya darasa kama anayepiga picha ya arusi, na kamera huzisoma kadi zote. Kifaa ni kimoja, mtandao ni wa simu moja, na katika muda usiofika dakika mwalimu amejua kwamba watoto kumi na tisa wanadhani kusi hutoka kaskazini.

> Mtoto aliyezoea kujificha nyuma ya mkono wa mwenzake hapa ana kadi yake, na jibu lake linahesabiwa.

Mwalimu mmoja wa hisabati alinieleza kwamba kadi zake amezibandika juu ya maboksi ya karatasi ngumu ili zisikunjike, na kwamba tangu aanze kuzitumia amegundua kuwa mabinti watatu wa safu ya kati, ambao hawajapata kunyoosha mkono tangu mwaka uanze, walikuwa wakipata karibu kila swali. Mtoto aliyezoea kujificha nyuma ya mkono wa mwenzake hapa ana kadi yake, na jibu lake linahesabiwa. Nilipomsikiliza niliona kwamba projekta ya maelfu ya lumeni isingalimwambia habari hiyo kamwe.

Uzito wa picha, na siku mkongo ulipokatika

Yaliyobaki ni mambo ya ufundi mdogo, ambayo kwa hakika ndiyo yanayookoa au kuharibu kipindi.

Picha moja iliyopigwa kwa simu za siku hizi yaweza kuwa na nukta 4,000 kwa upana na uzito wa megabaiti 4, ilhali projekta nyingi za shule hazionyeshi zaidi ya nukta 1,280. Wasilisho la picha 20 za namna hiyo huwa na megabaiti 80, zote zimelipiwa bando, na sehemu kubwa yake haionekani ukutani hata kidogo. Picha zizo hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 300 kila moja, kazi yote haizidi megabaiti 6, na mtoto wa dawati la nyuma hataona tofauti.

La pili ni la herufi. Mwalimu aifungue slaidi yake, aende hadi benchi la mwisho, akae anapokaa mwanafunzi, aisome. Katika madarasa yetu yenye madirisha ya nondo na jua kali la saa sita, maandishi ya kijivu juu ya rangi ya samawati, ambayo katika violezo vya mtandaoni hupendeza sana, hayasomeki. Nyeusi juu ya nyeupe husomeka.

La tatu ndilo kubwa. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu baharini, upande wa Afrika Kusini na Msumbiji, na mtandao ukadorora katika Afrika Mashariki yote, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Walimu walioingia darasani Jumatatu yake wakiwa na masomo yao yote mtandaoni waliingia mikono mitupu. Wenzao waliokuwa wameyapakua kwa umbo la PDF na kuyatia katika flashi ya mfukoni walifundisha kama kawaida. Kila zana niliyoitaja hapo juu kwa ajili ya slaidi, isipokuwa Prezi ya bure, humruhusu mtu kupakua kazi yake hivyo. Kinachohitajika ni desturi ya kufanya hivyo Ijumaa jioni.

Picha za watoto na lugha yao

Zana nyingi hizi hutaka akaunti, na akaunti hutaka jina, barua pepe, pengine picha. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na Tanzania nayo imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Si maneno ya vitabuni: mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi za Kenya milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Mwalimu anayetia picha za darasa lake katika wasilisho kisha akalisambaza kwa kiungo kilicho wazi kwa kila mtu, akumbuke kwamba amezitoa nje ya kuta za shule.

Ama lugha, nalisema hili kwa uchungu. Mwaka 2004 Idara ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, pamoja na sehemu yake ya kutengenezea slaidi. Ilikuwa hidaya kubwa. Imepita miongo miwili, na mwalimu wa msingi anayefundisha kwa Kiswahili bado hufungua kiolezo kilichoandikwa Kiingereza, akafuta neno moja baada ya jingine ili apate pa kuandika lake. Taasisi zetu za mitalaa zingaliweka katika maktaba zao violezo mia moja vya Kiswahili, vyepesi, vyenye ramani zetu na picha za mazao yetu, zingalimpunguzia kila mwalimu nchini saa kadhaa za usiku; wala kazi hiyo haihitaji mkopo kutoka nje.

Wiki mbili baadaye

Nilirudi Tanga siku ya Ijumaa, kwa darasa lile lile. Khanga zilikuwa zimetundikwa tena madirishani, na projekta iko mahali pake, lakini simu ya mwalimu ilikuwa mkobani. Ramani ilitoka katika flashi, na haikumulikwa juu ya ukuta mtupu: mwalimu alikuwa amezibandika karatasi nne za manila kwa gundi ya utepe, zikawa karatasi moja kubwa, na mwanga ukaangukia hapo.

Akawaita wanafunzi wanne wanne. Kila kundi lilipewa kalamu ya wino mzito na kipande chake cha pwani, likaufuata mstari wa mwanga kwa mkono, polepole, kivuli cha kichwa kikipita juu ya Somalia na wenzao wakipiga kelele kuwataka wainame. Kundi la tatu lilitia mishale ya kaskazi. Kundi la nne lilitia ya kusi, likabishana na la tatu juu ya mwezi wa Aprili, wakaenda mlangoni kuutazama upepo, wakarudi.

Dakika kumi kabla ya kengele mwalimu alizima projekta ili airejeshe kabatini kwa mkuu wa shule, akazishusha khanga, na jua likaingia. Ramani ilikuwa imebaki juu ya manila, nyeusi, yenye kupindapinda hapa na pale. Binti mmoja aliisogelea, akaitazama kwa muda, akasema kwamba Unguja ipo na Pemba ipo, ila Mafia wameisahau, na kwao ni huko. Akaomba kalamu akaitia.